Kochi Lisilopita Mlangoni

Sebule yangu ni mikono saba kwa sita. Nasema mikono kwa sababu mimi ni muuza vitenge, na mtu aliyepima nguo maisha yake yote kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko hawezi tena kuamini futi ya fundi. Niliipima siku ile sakafu ilipokauka, nikitambaa kwa magoti ndani ya nyumba yangu mwenyewe pale Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, na nilipofika ukuta wa pili nikakaa kitako nikacheka peke yangu. Ilikuwa ndogo. Lakini ilikuwa yangu, na nilikuwa na hasira za kutosha kuijaza.

Hasira zenyewe zilitokana na kupanga. Miaka kumi na moja nilipanga Tunduma mjini, chumba kimoja, shuka katikati, huku kitanda, kule ndoo na jiko. Mgeni akija anakaa kitandani. Mwenye nyumba wangu alikuwa na sebule ambayo niliijua kwa kuchungulia tu, maana kila nikienda kulipa kodi alinipokelea mlangoni, kapenyeza mkono, mwili kauacha ndani. Nyuma ya bega lake niliona makochi mekundu na maua ya plastiki juu ya runinga. Hata siku moja hakuniambia karibu. Nikajiapia kwamba nikipata sebule yangu, mtu atakayeingia atanyamaza kwanza, atazame, ndipo asalimie.

Na kweli walinyamaza. Nilibandika karatasi za ukutani zenye picha ya matofali mekundu juu ya matofali ya kweli ambayo nilikuwa nimeyapiga lipu. Nikaweka dari ya jipsamu yenye taa za bluu. Mapazia nilivuka mpaka kuyafuata Nakonde, na Mzambia aliyeniuzia akaniita mayo, mama, akanikunjia kwa heshima kama ananikabidhi mtoto. Nikaweka meza ya kioo, kapeti la manyoya, kabati la vyombo lenye glasi ambazo hazijawahi kunywewa maji. Mlangoni nikaandika kwa mkono wangu: Vua viatu.

Nyumba ya pili kutoka kwangu aliishi jirani anayekaanga maandazi na kuwauzia madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya mpakani. Sebule yake ilikuwa na mkeka mmoja, viti viwili vya plastiki na kalenda ya kanisa ya mwaka uliokwisha. Nilikuwa nawaambia wateja wangu kwamba ukiingia kwa yule utadhani wamehama jana. Walicheka. Nikaona wamependa, nikawa nairudia kila wiki, na nina hakika ilimfikia, kwa sababu maneno Mpemba hayahitaji nauli.

Katika hali hiyo ndipo kaka yangu alipomleta mama.

Mama alikuwa mtu wa Mbozi, mtu wa kahawa, mgongo wake ulikuwa umepinda kwa kuchuma na kupalilia. Msimu ule alianguka shambani, na kaka akasema nyumba ya kijijini ina ngazi za udongo zinazoteleza, yeye mwenyewe watoto wamemjaa, basi mama akae kwangu. Alishuka kwenye gari na mfuko wa maharage, mfuko wa ulezi, mkeka umefungwa kwa kamba, na mfuko wa tatu ambao hakutaka mtu amshikie. Alisimama mlangoni akasoma maandishi yangu polepole, herufi kwa herufi, kisha akavua raba zake. Miguu ilikuwa na vumbi la njiani. Nikamletea maji ya kunawa pale pale nje. Sikumletea kwa upendo, nilikuwa naliangalia kapeti.

Ule mfuko wa tatu aliufungua jioni hiyo. Vilikuwa vitambaa vya kufuma, vyeupe na vingine vya njano, vya kutandika juu ya migongo ya makochi na mikono yake, kimoja kikubwa cha runinga, vidogo vya kuwekea vikombe. Alikuwa amevifuma tangu nilipomwambia kwa simu kwamba nimeanza msingi. Miaka mitatu ya sindano ya kufumia, mama mwenye jicho moja lenye ukungu. Akavipanga magotini pake, akanipa kimojakimoja akinieleza hiki ni cha wapi.

Nilimwambia vitambaa hivyo siku hizi ni ushamba. Nilimwambia vizuri tu, kwa sauti ya mtu anayemsaidia mwenzake. Nikamwonyesha kwenye simu picha za sebule za watu wa mijini, nikamuuliza kama anaona kitambaa hata kimoja. Akaishika simu, akaisogeza karibu na lile jicho zima, akatazama muda mrefu, akakubali kwamba haoni. Akavikunja akavirudisha mfukoni. Wakati ule nilikuwa na makochi mawili ya zamani tu, na mkeka wake ulipata nafasi chini ya dirisha. Hapo ndipo alipokaa, miguu ameinyoosha, maana mgongo wake haukupenda kitu laini, akitazama malori kupitia nondo za dirisha na kunitajia rangi zake nikiwa jikoni. Alikuwa na furaha, sitamsingizia. Mwenye kinyongo nilikuwa mimi, kwa sababu mkeka ule ulikaa juu ya kapeti langu kama kiraka.

Kisha nikaliona kochi la kona.

Nililiona kwenye simu, sebule ya mtu wa Lusaka, kochi la kijivu linaloanza ukuta mmoja, likapinda, likamaliza ukuta wa pili. Nikampelekea picha fundi anayetengeneza makochi kando ya barabara kuu. Alikuja kupima kwa futi, nami nikapima nyuma yake kwa mkono, tukapishana. Aliniambia kochi lile ni la sebule mara mbili ya hii. Nikasema apunguze meza, si kochi. Akaniambia pia kwamba halitapita mlangoni wala kwenye kona ya korido, itabidi alilete vipande na kulipigilia misumari, gundi na sponji humo humo ndani.

"Dada, hili likishaingia halitoki," alisema. "Labda kwa msumeno."

Nikamuuliza kwani nani amemwambia nahama. Nyumba njema si mlango, nikamwambia, na nikajiona mjanja kwa kumpiga na methali.

Siku mbili alipigilia. Vumbi la mbao lilimkohoza mama, nikamtoa akakae uani. Siku ya tatu asubuhi kochi lilikuwa tayari, limejaa ukuta hadi ukuta, na ncha yake moja ilifika mlangoni kabisa, kiasi kwamba ukiingia ilibidi ugeuke ubavu. Dirisha lilikuwa nyuma ya mgongo wake. Sakafu iliyobaki ilikuwa njia ya kuizunguka meza ya kioo, upana wa mtu mmoja mwembamba. Sikuitoa nailoni aliyoifungia fundi juu ya mito. Nilitaka likae jipya.

Wanawake wa kanisani walikuja kulitazama. Waliingia ubavu mmoja mmoja, wakanyamaza kama nilivyotaka, wakakaa, nailoni ikalia chini yao. Mama alisimama mlangoni na mkeka wake umekunjwa kwapani, akitafuta kwa macho mahali pa kuutandika. Alitazama chini ya dirisha. Akatazama kila upande wa meza. Kisha akaniuliza, mbele ya watu wote, kwa Kiswahili chake kile cha Kinyiha kinachovuta maneno.

"Mwanangu, siku ya msiba watu watakaa wapi?"

Msomaji wa kwetu hahitaji maelezo. Mtu akifa, vitu vya sebuleni vinatolewa nje siku hiyo hiyo. Wanawake wanakaa chini, kwenye mikeka na magodoro, na marehemu akiletwa analazwa katikati yao waimbe na kumwombea kabla ya safari. Sebule isiyoweza kutolewa vitu ni duka. Wale wanawake walilijua hilo, nikaona wanalitazama kochi upya, na sifa zangu zinaanza kupungua machoni pao. Hilo liliniuma.

"Msiba wa nani?" nikauliza.

"Wangu."

"Basi mama, usife," nikasema.

Chumba kizima kikacheka. Mama naye akacheka, akafunika mdomo kwa kanga kwa sababu ya meno, akasema sawa, atajitahidi. Nilijisikia vizuri sana. Nimewahi kusema maneno mengi mabaya nikiwa na hasira, na hayo nimeyasahau. Hilo nililisema nikiwa na furaha.

Alijaribu kulikalia, nisiseme hakujaribu. Alizama. Magoti yakapanda juu, miguu ikaning'inia, na alipotaka kuinuka ikabidi nimvute mikono yote miwili. Kwa vile alijipaka mafuta ya mgando tangu kisogoni hadi kwenye nyayo, niliogopa alama, nikamtandikia kanga kuukuu juu ya nailoni, nikamwambia akae ukingoni. Kaa ukingoni, mama. Nilimwambia asubuhi na jioni. Baada ya wiki hakuhitaji kuambiwa, alikuwa akikaa kwenye ukingo kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Kisha siku moja nikarudi kutoka sokoni sikumkuta.

Alikuwa kwa jirani. Amekaa sakafuni kwenye mkeka wake, chini ya dirisha la watu wengine, akitazama malori yale yale. Jirani alikuwa anakata unga wa maandazi, wanazungumza. Nilisimama nje nikamwita kwa sauti ile ya kumwita mtoto aliyekwenda kuombaomba. Alitoka mara moja. Njiani nikamuuliza kama amekosa nini kwangu, kama hali, kama havai. Akasema anakula, anavaa. Kesho yake akaenda tena.

Nikaacha kumfuata. Kusema kweli nilifarijika. Sebule ilikaa kama kwenye picha kutwa nzima, na nikiwa na wageni sikulazimika kueleza yule bibi pale ukingoni ni nani. Lakini wivu nao ulikuwepo, na wivu wangu haukai kimya, kwa hiyo nikamwambia mteja mmoja kwamba jirani amepata fenicha hatimaye, nimemwazima mama yangu. Hilo nalo lilifika. Jirani hakuwahi kunijibu. Alinisalimia kama kawaida, habari za asubuhi, nzuri, na akaendelea kuchochea moto wake. Mimi sikuwahi kukanyaga ndani kwake, mwaka wote ule.

Mama alienda hivyo, asubuhi huko na jioni kwangu kulala, hadi masika. Kifua kilimbana siku ya Jumatatu, tukampeleka hospitali, na Alhamisi mchana wakaniambia amekufa. Nililia mpaka nikapoteza sauti. Nilimpenda mama yangu. Naliandika hapa kwa sababu hakuna popote katika habari hii ambapo msomaji angeweza kulibahatisha.

Kaka alifika kutoka Mbozi kesho yake. Mpango ulikuwa wa kawaida, mwili utolewe hospitali, upite kwangu alikoishi ili majirani na kanisa wamuage, kisha tuondoke naye kwenda kumzika nyumbani. Wanaume walifunga turubai uani. Wanawake walianza kuja na mikeka yao mikononi, wakawa wanarundikana korido na jikoni, na wanaume wanne wakavua mashati ya juu wakaingia sebuleni kutoa vitu. Walitoa meza ya kioo. Wakatoa kabati, wakaviringisha kapeti. Kisha wakalishika kochi, wakalinyanyua pande zote mbili, na likasimama nao hapo hapo. Walilisukuma kulia, likagonga ukuta. Wakaligeuza wima, likagonga jipsamu na taa mbili za bluu zikaanguka. Mmoja wao akauliza liliingiaje.

Fundi mwenyewe alikuwepo msibani. Alikuja kutoa pole, hakuja kunisuta, na aliponong'ona na kaka alinitazama kwa huruma. Kaka akanifuata jikoni. Akaniambia gari la mwili limeshafika barabarani, na jeneza haliwezi hata kukata kona ya mlango kochi likiwa pale. Fundi ana msumeno kwenye pikipiki. Dakika ishirini tu.

"Tulikate?" akauliza.

Nataka niseme nilijibu hapo hapo. Nimejaribu mara nyingi kujikumbuka nikijibu hapo hapo. Wanawake waliokuwa wanamenya viazi wakaacha kumenya. Nililiona lile kochi lote kichwani mwangu, kijivu, jipya, nailoni juu yake, na nikaona msumeno unavyoingia.

"Si kuna turubai nje?" nikasema. "Mama alipenda hewa."

Ilikuwa masika, na wingu lilikuwa limekaa juu ya Mpemba tangu alfajiri. Kaka alisimama akinitazama mpaka matone ya kwanza yalipolipiga bati, kisha mengi, kisha turubai likaanza kubeba maji katikati na wanaume wakalisukuma juu kwa vijiti ili lisipasuke. Hapo nikafungua mdomo kusema basi, likateni. Naapa nilikuwa nalisema. Lakini jirani alikuwa amesimama mlango wa jikoni, kanga imelowa begani, unga bado uko kwenye mikono, na alimsemesha kaka yangu, mimi akanipita.

"Mleteni kwangu. Nimeshafagia."

Wakampeleka. Jeneza lilipita mbele ya nyumba yangu kwenye mvua, halikusimama. Wanawake wakakusanya mikeka yao wakalifuata, na mimi, mwenye msiba, nikatoka wa mwisho kwangu mwenyewe nikivuka ua kama mtu aliyesikia vilio akaja kuuliza kuna nini.

Niliingia kwa jirani kwa mara ya kwanza. Mama alikuwa katikati ya chumba, na nafasi ilibaki ya watu ishirini. Viti viwili vya plastiki vilikuwa vimesogezwa pembeni, na juu ya migongo yake kulikuwa na vitambaa vya kufuma, vyeupe, vimenyooshwa kwa pasi. Kwenye kidirisha kulikuwa na vingine, vya njano, vimefungwa kama pazia. Ile kalenda ya kanisa ilikuwa imezungushiwa kimoja pembeni kwa ustadi. Kile kikubwa cha runinga, kwa kuwa jirani hana runinga, kilikuwa kimetandikwa juu ya ndoo ya maji. Chini ya dirisha palikuwa na msumari, na kwenye msumari sweta la mama na kikombe chake cha bati. Alikuwa ameipamba sebule ya watu. Ilipendeza, na nilijua kupendeza ni nini, hiyo ndiyo kazi yangu.

Mwanamke mmoja alininyooshea kidole mahali pa kukaa, karibu na mlango, penye viatu.

Tulimzika Mbozi kesho yake, kwenye udongo mwekundu nyuma ya mibuni yake. Kaka alisimama kutoa shukrani kwa niaba ya familia. Alilishukuru kanisa, akawashukuru wabebaji, akamshukuru jirani kwa kumpokea mama. Orodha ikaishia hapo, na watu wakaitikia amina.

Baada ya matanga nilikwenda kwa jirani na mfuko mtupu. Nilimshukuru, nikamwomba radhi kwa mdomo wangu, akapokea vyote viwili kwa kutikisa kichwa, akiendelea kukata maandazi. Nikamwambia nimekuja kuchukua vitu vya mama. Akanikabidhi sweta. Akanikabidhi kikombe. Nikangoja, naye akaendelea na kazi yake, basi nikamwomba vitambaa. Akakataa. Nikamwomba hata kimoja, kidogo, kile cha kuwekea kikombe.

Aliweka kisu chini. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Alinikataza," akasema. "Alisema mwanangu akija kuvitaka usimpe, vitamharibia sebule."

Nikarudi kwangu. Meza ya kioo walikuwa wamesharudisha, na kapeti pia. Nikavua viatu mlangoni, nikapita ubavu, nikakaa ukingoni.